Paa Moja, Kaya Nane: Sola kwenye Jengo Letu la Njiro

Katika kundi la WhatsApp la jengo letu hapa Njiro, Arusha, hakuna ujumbe uliowahi kusomwa kwa moyo mzito kama ule wa maneno manne: luku ya pampu imeisha, yaani umeme wa kulipia kabla umekwisha kwenye mita ya pampu. Sisi ni kaya nane katika jengo lenye ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na maji ya bomba hutufikia kwa nguvu ndogo, mara nyingi usiku, yakajikusanya kwenye tangi la ardhini. Kutoka hapo ni lazima pampu iyapandishe hadi kwenye matangi mawili ya lita 5,000 kila moja yaliyoko juu ya slabu, ndipo yashuke tena hadi jikoni na bafuni kwa kila mmoja wetu. Pampu hiyo, pamoja na taa za ngazi na taa za uani, ina mita yake ya pamoja, na mimi ndiye ninayeshika daftari la michango yake.

Mchango wenyewe haukuwa mkubwa. Kwa bei tuliyokuwa tukilipa, shilingi 10,000 zilileta uniti kama 28, na mita ya pamoja ilikula uniti zipatazo 120 kwa mwezi, yaani kama shilingi 43,000 za kugawana kaya nane. Ugumu ulikuwa kwenye nani atangulie. Tangu kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia luku mwaka 2021, mtu anayenunua umeme mwanzoni mwa mwezi hupata uniti pungufu, kwa hiyo kila mtu alimsubiri mwenzake, na matangi ya juu yalikauka huku fedha za kununulia umeme zikiwa mifukoni mwetu. Ulipokuja mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023, hata mwenye kutangulia hakusaidia kitu, kwa sababu luku ilikuwa na uniti na umeme haukuwapo. Jirani mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa akibeba ndoo kutoka tangi la chini hadi ghorofa ya juu, ngazi thelathini na sita, mara nne kwa siku. Nilizihesabu ngazi hizo siku niliyomsaidia.

Wazo la sola lilianza kama linavyoanza kila mahali, yaani kila mtu alitaka ya kwake. Kijana wa ghorofa ya kwanza alikuwa tayari ameweka paneli moja juu, akazishusha nyaya zake ukutani kupitia dirishani, na wengine wawili walikuwa wakiulizia bei. Nilipanda juu na futi kamba jioni moja nikapima. Nafasi ilikuwapo ya kutosha, kwa kuwa paneli ya wati 550 ina urefu wa takriban mita 2.3 na upana wa mita 1.1 tu. Lakini juu ya paa si kila mahali ni sawa. Kuna upande unaopata jua asubuhi hadi jioni, kuna upande unaofunikwa na kivuli cha matangi, kuna madishi, kuna kamba za nguo. Anayetangulia anachukua mahali pazuri, na wa nane anabakiziwa kivuli, ilhali paa ni letu sote na kodi ya pango tunalipa sawa. Juu ya hayo zingeshuka jozi nane za nyaya ukutani, kila jozi na fundi wake, na siku moja ikileta moto hakuna ambaye angejua aanzie wapi kukata.

Nikatoa pendekezo ambalo hadi leo naamini ndilo lililotuokoa: tuanze na kile ambacho tayari ni cha pamoja. Pampu haimjui mpangaji wa chini wala wa juu. Tena pampu ni mzigo unaopatana na jua kuliko mzigo mwingine wowote wa nyumbani, kwa sababu maji yanaweza kupandishwa saa tano asubuhi yakatumika saa tatu usiku. Taa haiwezi kufanya hivyo bila betri. Tangi lililoko juu ya slabu lenyewe ni betri, na tumekuwa nalo miaka yote bila kuliita hivyo. Pampu yetu ya hosi pawa moja na nusu hujaza mahitaji ya siku nzima ya kaya nane kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, na kazi hiyo yote inaweza kufanyika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati jua liko juu.

Wengi walikubali haraka. Aliyekataa alikuwa mama anayeishi ghorofa ya juu kabisa, mtu mzima anayeheshimika na jengo zima, na nilipokwenda kumwona alinikaribisha chai kwanza, kisha akanionyesha dari ya chumba chake. Palikuwa na alama ya maji ya kahawia yenye umbo la sahani, iliyobaki tangu fundi wa dishi alipotoboa slabu kufunga bolti zake nne. Akasema, “Mwanangu, mimi sipingi sola. Lakini nyinyi nyote mtapata mwanga, na mimi peke yangu nitapata mvua kitandani.” Sikuwa na jibu. Katika jengo la pamoja faida ya paa hugawanywa kwa wote, lakini hasara ya paa humwangukia yule anayelala chini yake, na kabla ya mazungumzo hayo sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

Kwa hiyo sharti la kwanza tuliloandika lilikuwa lake: slabu haitobolewi. Fundi alitengeneza fremu ya chuma inayokaa juu ya vitalu vya zege vizito, ikashikiliwa na uzito wake badala ya bolti, na chini ya kila kitalu tukaweka kipande cha mpira ili kisikwaruze lami inayozuia maji. Watu waliogopa uzito. Hofu hiyo ilikuwa rahisi kuiondoa, kwa sababu paneli sita zina uzito wa kilo kama 170, na hata ukiongeza vitalu vyote haufikii nusu ya tangi moja la lita 5,000, ambalo likijaa lina tani tano. Jambo la kuangalia zaidi ni upepo, ambao huinua paneli kama unavyoinua bati, na ndiyo maana tulikataa pendekezo la kuzipandisha juu kama kibanda ili kamba za nguo zipite chini yake. Badala yake kamba zilihamishiwa upande wa kusini, na mama yule ndiye aliyechagua mahali, kwa kuwa ndiye anayeanika mara nyingi kuliko wote, nguo pamoja na maharage yake ya msimu.

Sasa nije kwenye kosa lililotugharimu, ambalo nalieleza kwa urefu kwa sababu naliona linarudiwa mjini hapa kwenye majengo mengi. Tulifunga mfumo Januari 2024. Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alipanda juu saa saba mchana, akatazama, akaniambia, “Dada, hapa hakuna kivuli kabisa, angalia mwenyewe.” Nikaangalia, na kweli hapakuwa na kivuli. Paneli zikawekwa upande wa kusini wa matangi, karibu nayo ili nyaya ziwe fupi. Februari na Machi mambo yalikwenda vizuri. Kufikia mwishoni mwa Mei umeme ulikuwa umepungua sana, tukasingizia mawingu. Siku moja ya Juni, jua lilipochomoza kidogo mchana, nikapanda na kukuta kivuli cha tangi kimelala juu ya paneli mbili.

Maelezo yake ni haya. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia takriban tarehe 12 Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, ule wa Mlima Meru, na vivuli vinaangukia kusini. Miezi mingine linapita kusini, na vivuli vinaangukia kaskazini. Kilele chake hapa hakifiki saa sita kamili bali saa sita na nusu hivi, kwa sababu saa yetu imewekwa kwa kufuata longitudo iliyoko mashariki zaidi. Mwishoni mwa Juni, kitu chenye kimo cha mita tatu, kama tangi letu pamoja na kiguzo chake, hutupa kivuli cha mita moja na nusu kuelekea kusini hata jua likiwa kileleni, na asubuhi na alasiri kivuli hicho hurefuka na kuzunguka. Fundi alipima Januari, mwezi ambao kivuli kinalala upande wa pili kabisa. Alichokiona kilikuwa kweli kwa siku hiyo, na hakikuwa kweli kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Kivuli kwenye paneli mbili kati ya sita si hasara ya paneli mbili tu. Paneli zilizounganishwa mfululizo hupitisha mkondo mmoja, kama maji katika bomba moja, na sehemu iliyobanwa huwabana wenzake. Paneli za siku hizi zina vipitishio vya ndani vinavyouruhusu umeme kuikwepa sehemu yenye kivuli, lakini bado kinachopotea kinazidi ukubwa wa kivuli chenyewe. Tulikodi fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, tukazihamishia upande wa kaskazini wa matangi, mbali nayo kwa mita tatu, zikiwa zimeinamishwa nyuzi kumi kuelekea mlimani. Mwinamo huo mdogo unatosha kuifanya mvua ioshe vumbi. Nao mwelekeo wa kaskazini unatufaa kwa sababu nyingine: miezi ambayo jua liko kaskazini ndiyo ile ile ya masika na ya baridi, Julai ikiwemo, ambapo wingu la asubuhi hukaa juu ya Arusha hadi saa sita na kila mwale una thamani. Ushauri wangu kwa mwenye jengo au kamati yoyote ni huu: kabla hamjachagua mahali, chukueni chaki mkachore kivuli cha kila kitu kilichoko juu, na kama hamwezi kusubiri mwaka, basi mpigieni hesabu jua la Juni na la Desemba, yote mawili, kabla fundi hajafungua boksi.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida: paneli sita za wati 550, inveta ya kilowati tano, na betri moja ya lithiamu yenye uwezo wa uniti tano hivi. Watu waliuliza kwa nini inveta iwe kubwa kuliko paneli. Ni kwa ajili ya pampu, ambayo inapoanza kuzunguka huvuta kwa muda mfupi umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikiwa katika mwendo, na inveta ndogo hujizima papo hapo. Siku ya jua zuri tunapata uniti 13 hadi 14, na siku za wingu la Julai tunapata nane au tisa. Pampu na taa za pamoja hula nne. Ziada ndiyo iliyoleta mjadala wa pili.

Mwenye jengo, aliyekuwa amekubali kutoa nusu ya gharama, alitaka ziada hiyo iuzwe kwa wapangaji kwa uniti. Si wazo la ajabu. Ujerumani, ambako wakazi wengi wa mijini ni wapangaji, ilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuwasaidia wenye majengo wanaowauzia wapangaji wao umeme wa paneli za juu ya paa, kwa sharti kwamba bei isizidi asilimia 90 ya bei ya msingi ya umeme katika eneo husika. Lakini kule mwenye jengo ndiye anayegharimia, na hapa nusu ilikuwa imetoka kwetu. Tukakubaliana kwamba hakuna kuuziana: kila kaya itavutiwa mstari mmoja wa taa zote pamoja na soketi moja ya sebuleni, kwa ajili ya televisheni, king’amuzi, intaneti na kuchaji simu. Friji, pasi, jiko na hita ya maji vinabaki kwenye luku ya kila mtu.

Wiki ya kwanza jirani mmoja alichomeka pasi kwenye soketi ile saa mbili usiku, wakati taarifa ya habari inasomwa, na jengo zima likazima. Hakukusudia ubaya wowote. Sare za shule zilikuwa zinasubiri na umeme wa TANESCO ulikuwa umekatika. Kilichokosekana kilikuwa breka ya kila kaya. Fundi alirudi akaweka breka ya ampia mbili kwenye kila mstari, na tangu siku hiyo anayezidisha anazimikiwa peke yake, na wengine hawajui. Naona breka hizo nane, ambazo zilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua, zimezuia ugomvi kuliko kikao chochote nilichowahi kuitisha.

Kuhusu usalama nitasema machache, lakini nayasema kwa uzito. Paneli sita zilizounganishwa mfululizo hufikia karibu volti 300, na kuzima meinswichi hakuzizimi, kwa sababu jua halina swichi. Juu ya paa letu wanacheza watoto na wanaanika nguo akina mama. Nyaya zote zinazotoka kwenye paneli zimepita ndani ya mabomba magumu, kuna swichi ya kuzikata iliyoko juu na nyingine kwenye chumba cha pampu, na fremu yote imeunganishwa na ethi. Betri na inveta viko chumba cha pampu. Fundi wa kwanza alitaka kuvifunga chini ya ngazi kwa kuwa pana nafasi, nikakataa, kwani ngazi ndiyo njia pekee ya kaya sita kutoka nje, na njia ya kutokea haiwekwi kitu kinachoweza kushika moto.

Gharama yote ilikuwa shilingi 8,800,000. Mwenye jengo alitoa 4,400,000 na kila kaya ikatoa 550,000, wengine kwa mkupuo na wengine kwa miezi sita. Nikijumlisha tunachookoa kwenye luku ya pamoja na kwenye luku za majumbani, inakuja kama shilingi 96,000 kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo fedha itarudi baada ya miaka saba na nusu na kidogo. Kwa kaya yenye matumizi madogo, inayonunua umeme kwa bei nafuu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, faida ni ndogo zaidi. Nawaambia wanaoniuliza ukweli huo bila kuuzungusha: kama mnatafuta faida ya haraka, msianze. Sisi tulitafuta maji. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipopata hitilafu, pampu yetu ilizunguka saa nne asubuhi kama siku nyingine zote, na jirani mwenye mtoto mchanga hakushika ndoo.

Swali lililobaki lilikuwa la mpangaji anayehama. Kwenye majengo ambayo kila mtu ana hati ya sehemu yake, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inalihesabu eneo la pamoja kuwa mali ya wamiliki wote na kuliweka chini ya umoja wao. Sisi ni wapangaji, kwa hiyo ilibidi tujiandikie wenyewe. Tulikubaliana kwamba mchango wa kila kaya unahesabiwa kuliwa kwa miezi 60. Anayehama kabla ya hapo anarudishiwa kilichobaki na mpangaji anayeingia, na asipopatikana ndani ya miezi mitatu, mwenye jengo analipa na kukata kwenye kodi ya atakayekuja. Baada ya miezi 60 mfumo ni wa jengo, na hakuna anayedai. Karatasi hiyo yenye kurasa mbili ilisainiwa na kaya zote nane na mwenye jengo, ikagongwa mhuri wa serikali ya mtaa, na kila mmoja ana nakala.

Januari mwaka huu wa 2026 karatasi hiyo ilijaribiwa kwa mara ya kwanza. Kijana wa ghorofa ya kwanza, yule yule wa paneli moja na nyaya za dirishani, alipata kazi Dodoma. Alikuwa ametimiza miezi 24, kwa hiyo shilingi 220,000 zilikuwa zimeliwa na 330,000 zilikuwa haki yake. Aliyekuja kuchukua nyumba ni baba wa makamo mwenye watoto wawili. Aliisoma karatasi mezani kwangu, polepole, kidole kikifuata mistari, akairudia sehemu ya miezi 60 mara mbili. Kisha akaiweka chini akasema, “Sawa, dada. Lakini kabla sijatoa hela, nipeleke juu nikaone ninachokinunua.” Tukapanda. Mama wa ghorofa ya juu alikuwa huko akigeuza maharage yake, na ni yeye, kabla mimi sijafungua mdomo, aliyemshika mgeni mkono akamwonyesha vile vitalu vya zege na slabu ambayo haina hata tundu moja jipya.